Kichwa cha Tohe Kwenye Mninga

Sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya miaka minne. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Mgololo kubeba magogo, nikatoka huko nikaenda Chunya kufukua dhahabu ambayo sikuiona, nikauza viazi Mbeya mjini, nikarudi kwetu Igowole, nikaondoka tena. Mke wangu husema nikiwa nyumbani nakaa kama abiria. Lakini popote nilipokuwa, tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, kila Julai nilirudi kwa mjomba, kaka yake mama, kwa ajili ya jambo moja tu: kwenda naye porini siku tano kuwinda.

Kuwinda kwa leseni. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia mtu wa huku anawinda, wanadhani ni jangili. Mjomba hajawahi kuua mnyama bila karatasi. Karatasi zake zote, hata zile za zamani zilizoandikwa kwa mkono, zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda chake. Nilipokuwa kijana alinionyesha, akizitoa moja moja kama mtu anayeonyesha picha za watoto.

Alitoka Mufindi akiwa kijana kufuata tumbaku upande mkavu wa mkoa wa Mbeya, akaoa huko, akazeekea huko. Ni mfupi, mbishi, mzee wa kanisa la Kilutheri, na bado anasalimia "Kamwene" hata kwa watu wasiojua kuitikia. Silaha yake ni gobole la baba yake, la kushindilia baruti na gololi kwa mdomo, lenye kitako kilichofungwa waya mara mbili. Limesajiliwa polisi. Na hapo ndipo palipokuwa na kamba ya shingo yake: kibali cha kulimiliki kimesimama juu ya leseni ya uwindaji. Leseni ikifutwa, gobole halina kazi, na silaha isiyo na kazi inachukuliwa. Hicho ndicho kitu pekee alichoachiwa na baba yake ambacho hakikuoza wala kugawanywa.

Pori lenyewe limekuwa likipungua kila nikirudi. Nilipoanza kwenda naye, tulikuwa na bonde lote na vilima vya nyuma. Siku moja tukakuta vilima vimekuwa kitalu cha uwindaji cha wageni wanaokuja na ndege ndogo. Mwaka mwingine tukaambiwa ng'ambo ya mto ni hifadhi, ingawa mto wenyewe huhama kila masika na jiwe la mpaka halikuonekana. Tulibakiwa na ukanda mwembamba kando ya mbuga ya majani, na pembeni yake kukasimikwa bango.

Ofisi ya wanyamapori, sitaitaja ni ya wilaya gani kwa kuwa nyingine nilizowahi kusimama mbele yake hazikuwa tofauti, ina benchi moja nje chini ya dirisha. Gari lao lilikuwa juu ya mawe tangu mwaka uliotangulia, na kuku alikuwa ametaga karibu na usukani. Julai ile ninayoisimulia, tulikuta mtu mmoja amekaa pale, mwenye duka la vipuri vya pikipiki ambaye huwinda kwa raifo. Tunafahamiana naye kwa kukaa benchi tu.

"Mwaka huu wametupa wapi?" mjomba alimuuliza.

"Kulekule."

"Kulekule kuna nini?"

"Kuna bango," alisema mwenye duka. "Bango zuri sana, limeandikwa Eneo la Uwindaji wa Wenyeji. Ukikosa mnyama unapiga bango."

"Dume au jike? Maana leseni yangu huwa ni ya dume tu."

Walicheka, kisha mwenye duka akaanza malalamiko yake ya kila mwaka, na mimi nilikuwa upande wake. Alisema zamani wawindaji walichoma vipande vidogo vya majani mwezi wa sita, moto mdogo unaozimwa na umande, majani mapya yakachipua na wanyama wakaja. Sasa ukionekana porini na kiberiti ni kesi. Oktoba unatokea moto ambao hakuna anayejua ulikotoka, unakula bonde zima mpaka kwenye miamba, kisha mtu anaandika ripoti. "Wanachunga pori kwa kalamu," alisema. "Hawajawahi kulala kule hata siku moja."

"Tusidanganyane," mjomba alisema. "Nyati wa kule mlimani nani aliwamaliza? Si ofisi. Ni sisi. Na wewe ulikula, ulikuwa unanyonya lakini mama yako alikula."

"Mzee, wewe unawatetea?"

"Siwatetei. Sikatai kuchungwa. Lakini mchungaji anayeniuliza mimi malisho yako wapi, huyo ananipa mashaka."

Afisa aliyetupokea alikuwa mtu wa umri wangu, mpole, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikuwa na askari wawili kwa wilaya nzima. Mmoja alikuwa kozi, mwingine alikuwa kwenye vijiji ambako tembo walikuwa wameingia mashambani. Kwa kawaida askari hutusindikiza. Anamwona mnyama pale alipoanguka, anaandika, yamekwisha. Mwaka ule hakukuwa na wa kutusindikiza.

"Nendeni tu," alisema. "Mkirudi mje kuonyesha."

Aligonga muhuri, akampa mjomba karatasi. Mjomba haoni maandishi ya karibu. Akanipa mimi, kama kila mwaka. "Soma."

Nilisoma: tohe, dume, mmoja. Eneo. Tarehe ya mwisho. Nyuma kulikuwa na mistari midogo iliyofifia, nakala ya nakala, na kila mwaka ilikuwa hivyo. Nikaikunja nikaitia mfukoni. Mimi ndiye niliyekuwa na macho, na mimi ndiye niliyekuwa na cheti cha kidato cha nne.

Tulipanda pikipiki mpaka shamba la mwisho la tumbaku, kisha tukatembea siku nzima. Siku mbili hatukuona kitu zaidi ya nyayo za ng'ombe. Siku ya tatu asubuhi, pembezoni mwa mbuga, tohe dume, swala wa rangi ya majani makavu, alisimama kwenye majani marefu akatutazama, pembe zimepinda mbele kama vidole vinavyoita. Mjomba alipiga mara moja. Gobole halina mara ya pili.

Sasa nieleze jambo la kichwa. Wawindaji wengine hawalifanyi, na sijui kama lilianza kwa babu yangu au kabla yake. Katika ukoo wa mjomba, kichwa cha mnyama hakirudi nyumbani. Baada ya kuchinja na kupasua, alikitenga kichwa, akang'oa majani yaleyale ambayo yule tohe alikuwa akiyala, akamjaza mdomoni. Kisha akakiweka kwenye panda ya mninga, uso ukielekea upande mnyama alikotokea, akakifunga kwa kamba ya gome la myombo fisi wasikiangushe. Akasema, "Tumechukua mmoja." Basi. Hakuna kingine kinachosemwa. Kwenye mninga uleule kulikuwa na mafuvu matano ya miaka ya nyuma, yameng'aa kwa jua. Mchungaji wake aliwahi kumhoji juu ya jambo hili, na mjomba akamjibu kwamba hata Nuhu aliwaacha wengine nje. Mchungaji hakuuliza tena.

Kamba nayo ina adabu yake. Mjomba hakati kamba ya gome. Inafunguliwa, inakunjwa duara tatu, ncha inapitishwa katikati, inatundikwa mahali pa kuonekana. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikata moja kwa kisu kwa uvivu, akanifanya nikae chini nichune gome na kusokota nyingine nusu siku nzima. Sijakata tena.

Nyama tuliibanika siku mbili kwa sababu ya joto na umbali. Ngozi ilikuwa na matundu, mjomba akaikata vipande vya kufungia mizigo. Tulirudi tumechoka na tumefurahi, tukafikia ofisini moja kwa moja kuonyesha, kama tulivyoambiwa.

Afisa alifungua mfuko, akaona nyama kavu.

"Kichwa kiko wapi?"

"Kiko porini," mjomba alisema, kama mtu anayeulizwa jua liko wapi.

"Mzee, kichwa kinatakiwa hapa. Dume wa tohe ana pembe, jike hana. Mimi nitajuaje hii nyama ni ya dume?"

"Kwa kuwa nimekwambia."

Afisa aliigeuza ile karatasi, akaweka kidole kwenye mstari mdogo uliofifia. Kichwa na pembe vionyeshwe ofisini baada ya uwindaji. Mjomba hakutazama karatasi. Alinitazama mimi.

"Mpwa wangu, hiyo ilikuwapo?"

"Sikugeuza," nilisema.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Afisa alieleza kwa upole uleule: askari akiwapo porini sharti hilo halina kazi, lakini askari asipokuwapo kichwa ndicho shahidi. Bila kichwa ndani ya siku saba, angelazimika kuandika kuwa ameuawa jike, na leseni ingefutwa. Gobole lingebaki ofisini mpaka hapo. Alilifunga kikaratasi chenye jina la mjomba kwenye kifyatulio, akalisimamisha kwenye kona nyuma ya mlango, kati ya fagio na jembe.

Nilikasirika sana. Nilisema kwamba wao ndio waliokosa askari, wao ndio waliotoa nakala isiyosomeka, wao ndio waliosema mje kuonyesha bila kusema nini. Afisa alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Ni kweli. Lakini sharti liko pale."

Kitu kimoja alitufanyia: askari aliyekuwa kwenye tembo alirudi siku ya pili, na afisa akamruhusu aende nasi kukiangalia kichwa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, mtaratibu. Wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini, kisha wakatakiwa kutoka bondeni na ng'ombe wao. Njiani mjomba, ambaye huzuni humfanya awe na maneno mengi, hakumwacha apumzike.

"Wewe mtu wa ng'ombe, ukimwona tohe unamjua au unamkamua?"

"Namjua, babu. Nikimpigia mluzi haji."

"Na wewe walikutoa Usangu kwa ajili ya wanyama, halafu ukaenda kuwafanyia kazi walewale?"

"Niliona wanyama ndio wenye nchi," askari alisema. "Nikasema basi nikaombe kazi kwa mwenye nchi."

Mjomba alicheka mpaka akasimama kushika mti. Baada ya hapo alimwita mjukuu.

Kichwa kilikuwa palepale. Nzi walikuwa wameshamaliza kazi yao kubwa, lakini pembe zilikuwa pembe, hata mtoto angejua ni dume. Askari alinyoosha mkono kuifikia kamba.

"Usiguse," mjomba alisema.

"Babu, bila hiki silaha yako haitoki."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa umekiona. Andika umekiona."

Nilimsihi. Nilimwambia ni kichwa tu, tutakipeleka, tutakirudisha, nitakirudisha mimi mwenyewe kwa miguu yangu. Alinitazama kana kwamba nimeongea lugha ya kwenye redio. Alisema mnyama akishaelekezwa kwao hawezi kutolewa njiani halafu ukarudi kumwambia samahani. Alisema baba yake aliacha vichwa porini tangu enzi ambazo hakukuwa na ofisi, na wanyama hawakukoma kuja. Kisha akaona haya ya kusema maneno mengi, akaenda kukojoa.

Askari hakubishana naye tena. Aliandika kwenye karatasi ya daftari kwamba amekiona kichwa cha tohe dume, akatia sahihi. Mimi nikapiga picha kwa simu: kichwa, pembe, mjomba amesimama pembeni ameishika leseni wazi kama mfungwa anayeshika namba yake.

Afisa alizitazama picha zote. Alizikuza kwa vidole. Alirudisha simu.

"Picha inaweza kuwa ya mwaka jana."

"Leseni ya mwaka huu imo ndani ya picha," nilisema.

"Sharti halisemi picha."

"Askari wako ameona na ameandika."

"Sharti halisemi askari akaone baadaye. Linasema ofisini." Alisugua macho. "Kaka, wakija wakaguzi wataniuliza kichwa. Hawataniuliza kama mzee ni mtu mwema."

Ninajua kuwa si yeye aliyeliandika lile sharti. Lakini nimesimama mbele ya madirisha mengi, ya vijiji, ya migodi, ya vyeti vya kuzaliwa, na kila mara anayekukatalia ni mtu ambaye hakuliandika sharti, na aliyeliandika hana dirisha. Pori lilikuwapo, mnyama alikuwapo, dume alikuwa dume, watu watatu walikuwa wamemwona kwa macho yao, na yote hayo hayakuwa na uzito wa kidole kimoja juu ya mstari uliofifia.

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Mjomba alikwenda nyumbani, akakaa uani akichambua tumbaku iliyokwisha kuchambuliwa. Shangazi, mkewe, aliniambia jikoni kuwa hajala. Nikamwambia mjomba nakwenda Mbeya kumwona mtu niliyesoma naye anayejua sheria.

Sikwenda Mbeya. Nilichukua pikipiki mpaka shamba la mwisho, nikatembea haraka kuliko nilivyowahi kutembea, nikafika kwenye mninga asubuhi ya siku iliyofuata nikiwa na kiroba cha mbolea. Niliipapasa ile kamba mpaka fundo likaachia. Nakumbuka sikuona aibu yoyote wakati ule. Nilikuwa na hasira na ofisi, na hasira na mjomba pia, mtu mzima anayeacha silaha ya baba yake iende kwa sababu ya mdomo uliojazwa majani. Majani yenyewe yalikuwa yamekauka, yalianguka nilipokishusha kichwa. Nilikitia kwenye kiroba nikaondoka.

Nilifika ofisini saa tisa alasiri ya siku ya mwisho. Watu waliokuwa barabarani walinipisha kwa sababu ya harufu. Nilikiweka kiroba mbele ya meza.

"Kichwa," nilisema.

Afisa alirudisha kiti nyuma, akaziba pua kwa mkono wa shati. Akavuta faili la mjomba, akaandika, akagonga muhuri mara mbili.

"Kipeleke kule nyuma. Kuna shimo."

"Huangalii?"

"Harufu naisikia. Inatosha."

Nilitaka kukifungua, nikitoe, nikiweke juu ya karatasi zake. Lakini gobole lilikuwa kwenye kona nyuma ya mlango na faili lilikuwa wazi. Nilitoka nyuma. Lilikuwa shimo la kuchomea taka: karatasi, kalenda za zamani, maboksi. Nikatumbukiza kiroba. Kilipasuka kilipogonga chini, na pembe moja ikatokeza kati ya karatasi.

Mjomba aliniona nikiingia uani na gobole begani. Aliinuka, tumbaku ikamwagika.

"Walikubali picha?"

Swali alilileta yeye. Mimi nililiitikia tu.

"Walikubali."

Alilipokea, akalifuta kwa kanga ya shangazi, akalinusa mdomo. Jioni ile alikula ugali wa watu wawili. Na kuanzia siku hiyo likatokea jambo ambalo sikulitegemea: mjomba akaanza kuisifu ofisi. Aliisifu kanisani, aliisifu kwenye ghala la chama cha tumbaku. Nilipompigia simu kutoka Igowole aliniambia juu ya yule afisa kama mtu anayesimulia mkwe wake mpya. Julai iliyofuata tulikaa tena kwenye benchi, kuku alikuwa bado ndani ya gari, na mwenye duka la vipuri akaanza kulalamika kama kawaida.

"Wewe unakwenda na hasira," mjomba alimwambia. "Wale watu ukiwaeleza wanaelewa. Mimi walinisikiliza. Walitazama picha, wakaona, yakaisha. Muulize mpwa wangu."

"Ni kweli?" mwenye duka aliniuliza. "Hawa hawa?"

"Ndiyo," nilisema.

Dirisha lilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu. Afisa alikuwa amesimama ndani na kikombe cha chai. Alinitazama kidogo, akaondoka dirishani.

Tulipewa leseni: tohe, dume, mmoja. Safari hii niligeuza nikasoma nyuma, kila mstari, kwa sauti. Askari, yule mjukuu, alikuwa huru na angekuja kutukuta siku ya tatu kambini, kwa hiyo hakukuwa na cha kuogopa. Cha kuogopa nilikuwa nacho mimi peke yangu. Nilijaribu kumvuta mjomba tupite upande wa chini wa mbuga. Alisema lazima kwanza tupite kwenye mninga, kama siku zote.

Mafuvu matano yalikuwapo. Panda ya sita ilikuwa tupu. Mjomba alizunguka mti mara moja, akatazama chini kwenye majani.

"Chui," nilisema. "Anapanda."

Mjomba alikuwa ameona kitu kwenye kisiki cha tawi, usawa wa bega. Alinyoosha mkono akakitoa. Ilikuwa kamba ya gome, imekauka na kuwa nyeusi. Imekunjwa duara tatu, ncha imepitishwa katikati.

Sikumbuki kuikunja. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na hasira, na mikono yangu ilifanya ilivyofundishwa.

Mjomba aliigeuza mkononi. "Huyu chui," alisema taratibu, "nani alimfundisha kamba?"

Nilikaa chini. Yeye alibaki amesimama. Aliuliza, "Kilikwenda wapi?"

"Ofisini."

"Walikifanya nini?"

Ningeweza kusema uongo mwingine. Nilikuwa nao tayari, mzuri, wenye kabati la kioo na lebo.

"Walikitupa kwenye shimo la taka. Hawakufungua kiroba."

"Hata pembe hawakuziona?"

"Hata pembe."

Nilitegemea matusi, au kilio, au pigo la kitako cha gobole. "Kwa hiyo mpaka leo," alisema, "hata wao hawajui kama alikuwa dume."

Aligeuza gobole, akatoa tambara lililoshindilia baruti, akamwaga gololi kwenye kiganja na baruti kwenye udongo. Tukaanza kurudi siku ileile. Hakunisemesha njia nzima ila kunionyesha mahali penye miiba. Kambini tulimwachia askari alama kuwa tumeondoka.

Ofisini alilaza gobole juu ya meza, na leseni kando yake, nafasi ya kuandikia mnyama ikiwa tupu.

"Hamkupata?" afisa aliuliza.

"Hatukuwinda. Andika nimerudisha silaha kwa hiari yangu, unisaidie kuifikisha polisi."

"Lakini mzee, faili lako ni safi. Mwaka jana yalikwisha."

"Najua," mjomba alisema. "Andika."

Afisa alinitazama mimi, nikatazama kona nyuma ya mlango, kati ya fagio na jembe. Akaandika. Mjomba alitia sahihi yake, ambayo ni herufi tatu kubwa, akapokea stakabadhi na kuikunja kwa ajili ya kopo la maziwa. Kisha hakuelekea barabarani. Alizunguka nyuma ya ofisi. Nilimfuata kwa mbali.

Shimo lilikuwa limechomwa mara nyingi tangu wakati ule. Kulikuwa na majivu ya kijivu, waya, chupa iliyoyeyuka. Mjomba aling'oa majani machache yaliyoota ukutani, karibu na bomba la maji, akainama, akayaachia yaanguke ndani.

Dirisha la nyuma lilifunguliwa. "Mzee," afisa aliita, "choo kiko upande ule."

"Asante, mwanangu," mjomba alisema, na akaendelea kusimama palepale.